Albamu ya Wasiopanda Meli

Jumatatu, 4 Novemba

Asanseri, lifti ya jengo letu, imekufa. Haikuugua, haikuaga. Leo asubuhi nimebonyeza, kimya. Mlangoni wamebandika karatasi: imeharibika, kipuri kimeagizwa, tunaomba radhi. Nilikuwa na mifuko minne ya sokoni, nikaipandisha mpaka ghorofa ya tano huku nikimlaani aliyevumbua maghorofa. Ngazi tisini na nne. Nimezihesabu kwa hasira.

Papa Jozef hakukasirika hata chembe. Aliuliza jambo moja tu: "Ile karatasi iliandikwa na mashine ama na mukono?" Na mashine, papa. "Bon. Siku watatosha ile karatasi ku mulango, uniletee."

Huyo ndiye mzee wangu wa kazi, Mbelgiji. Ana miaka themanini na minane, na miguu yake haimbebi tena. Mwaka wa pili huu nakaa naye hapa Koekelberg, kwao Ubelgiji: namwogesha, nampikia, nampa dawa, namsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Ujanani alikuwa karani wa posta Usumbura, yaani Bujumbura kwetu, ndiyo maana ana Kiswahili, cha zamani, chenye mikunjo. Na anakusanya karatasi. Si stempu, si picha za meli. Anataka karatasi za kutupwa za meli za posta, zile za moshi za karne ya kumi na tisa zilizovuka Atlantiki na magunia ya barua: orodha ya chakula cha mchana, tangazo la siku ya kuondoka, lebo ya sanduku, orodha ya abiria. Vitu ambavyo mtu mwenye akili angefungia vitumbua.

Binti yake, Lutgarde, anataka zote ziandikwe kabla ya masika, ili ijulikane zitakwenda wapi mzee akifariki. Mikono yake inatetemeka, kwa hiyo anayeandika ni mimi. Amenipa daftari hili na penseli. Kalamu ya wino ni marufuku karibu na karatasi zake, kama nguruwe nyumbani kwetu. Mbele ya daftari naandika orodha yake. Nyuma naandika yangu, saa ile anapolala mchana. Akitaka kusoma mwandiko wangu, namtakia kila la heri.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua. Asanseri bado.

Jumapili, 10 Novemba

Binti yangu Latifa amepiga simu, nimelia, nimecheka, nimeunguza wali. Wakwe wamefika kwetu Buyenzi, wamekubaliana. Nikahi Jumamosi tarehe kumi na tano Februari, wiki mbili kabla ya Ramadhani. Kadiri, bwana harusi, ni kijana mtulivu, anauza vipuri vya pikipiki, na mama yangu anasema anaswali.

Nilimwacha Latifa ana miaka kumi na miwili. Sasa ana ishirini na mmoja. Miaka tisa nimemlea kwa simu. Nilikuwa sina karatasi za kuishi hapa, na asiye na karatasi akitoka harudi. Sasa kibali ninacho, na mwezi uliopita pasipoti yangu mpya imefika, bado inanukia gundi.

"Mama," ameniambia, "mimi sifunikwi ushungi na shangazi. Usipokuja, waahirishe."

"Nitakuja."

"Ulisema hivyo nilipomaliza shule."

Kweli nilisema. Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi lote langu lipo kule.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimezungumza na Lutgarde kwa simu. Anakaa Evere, anafanya kazi ofisini, ana sauti ya mtu anayesoma kanuni. Amekubali wiki mbili, kwa sharti nipate mtu wa kunishikia ambaye baba yake atamkubali. Nikamwambia Papa Jozef mwenyewe. Akasema "Très bien, maman Mwanvua, mutoto akiolewa ni furaha." Kisha akaomba supu, na supu hakuigusa.

Jumatano, 20 Novemba

Theluji ya kwanza, ikayeyuka. Asanseri bado. Wamebandika karatasi ya pili juu ya ile ya kwanza.

Jumanne, 26 Novemba

Basilika haionekani. Dirisha la jikoni linatazama kuba la kijani la kanisa hilo, na nimejizoesha kulitazama asubuhi kujua kama kuna dunia. Leo ukungu tupu.

Tumefika namba 640. Lazima niseme kazi hii ina sheria kuliko ndoa. Karatasi ikiingia inapata namba, hata ikiwa kipande cha ukubwa wa ukucha. Namba ikishatolewa haipewi karatasi nyingine, hata ya kwanza ikiungua. Na karatasi ikitoka, labda kauza, labda kampa mwenzake, unaandika imetolewa, na pembeni unaandika sababu. Wiki iliyopita niliruka namba moja kwa bahati mbaya, akanifanya nifute kurasa mbili. Mzee haoni kijiko kilichopo mbele yake, lakini namba iliyorukwa anaisikia kama mama anavyosikia mtoto aliyekohoa.

Natoka nyumbani saa moja tu kwa siku, anapolala. Zamani tulikuwa tunashuka wote, namsukuma mpaka bustanini chini ya Basilika, tunawasema watu na mbwa wao. Sasa yeye yuko juu na mimi niko juu. Nikichelewa dakika kumi namkuta ameketi mlangoni na kiti chake, uso mweupe, koti limefungwa juu ya pajama. Haniulizi nilikuwa wapi. Anasema, "Umerudi," basi. Nisingeona kitu kama ingekuwa mara moja. Ni kila siku.

Jumanne, 3 Desemba

Leo ameomba kuona pasipoti yangu. Nikasema papa, hii si ya meli. "Onyesha tu." Akavaa glavu zake za pamba, akaifungua kwa kibano, ukurasa kwa ukurasa, kurasa zote tupu. Akaisogeza taani aone michoro iliyofichwa ndani ya karatasi. "Imprimé ya muzuri sana," akasema, yaani imechapwa vizuri. Nikaona fahari, wallahi, kama mtu aliyesifiwa mtoto.

Nimeirudisha ndani ya kopo la biskuti, droo ya chini ya kabati la sebuleni, pamoja na picha za Latifa.

Alhamisi, 12 Desemba

Leo tumemaliza albamu nyeusi, na sijui kwa nini imenikaa rohoni.

Iko rafu ya chini kabisa, nyembamba, mgongo wake umeandikwa *Non embarqués*. Wasiopanda. Ndani ni tiketi tu, arobaini na moja. Liverpool hadi Boston. Anvers hadi New York. Bordeaux hadi Rio. Tiketi safi, nyingine hata hazina mkunjo.

Nikamwuliza mbona nzima hivi. Akacheka, ni mara chache anacheka. "Maman, fikiri. Tiketi ya mutu alisafiri, ilienda wapi? Walimunyanganya ku mulango ya bateau. Wakapasua, wakatupa. Ile imebaki, ni ya mutu alibaki."

Halafu akaanza kunionyesha kwa kibano. Huyu aliugua bandarini. Huyu labda alifika meli imeshaondoka. Huyu, nyuma ya tiketi yake, mtu ameandika kwa penseli neno moja la Kiflama: *moeder*, mama. Hatujui mama alifanya nini. Alikufa? Alikataa? Tiketi ya Machi 1873 imekaa droo ya mtu mpaka leo.

"Hawa ndio napenda zaidi," akasema. "Hawakuacha mutu."

Nikamjibu, "Papa, labda kule walikokuwa wakienda kulikuwa na mtu anawangoja."

Akafunga albamu.

Jumamosi, 21 Desemba

Saa kumi na nusu ni giza. Asanseri bado. Karatasi ya tatu, hii wameongeza alama ya mshangao.

Jumatano, 25 Desemba

Lutgarde amekuja na keki. Alifika mlangoni anahema, goti lake baya, akakaa kwenye kiti changu cha jikoni bila kuvua koti. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia leo, kwa sababu mwezi mzima hakukanyaga hapa. Nikamwona anasugua goti lake kwa siri, nikampa chai ya tangawizi.

Ameniambia habari za mama yake. Els alikwenda Gand kwa dada yake, safari ya siku tatu. Aliacha chakula friji, akaandika kwenye kibahasha: narudi Jumapili. Ijumaa moyo ukasimama. Ni miaka sita. "Tangu hapo," Lutgarde kasema, "mtu akimwambia anarudi, baba hasikii."

Kibahasha hicho mzee anacho, kimo kwenye orodha yetu. Namba 12.

Ijumaa, 3 Januari

Nimekata tiketi ya ndege! Kwenda Jumanne tarehe kumi na moja Februari, kurudi tarehe ishirini na tano. Haibadilishwi, hairudishwi. Nimeichapisha dukani maana simu siiamini, nimeiweka kwenye kopo la biskuti juu ya pasipoti. Nimenunua kitambaa cha mama, marashi ya shangazi. Mkono mtupu haulambwi.

Papa Jozef ameomba kuona tiketi. Kaigeuza, nyuma tupu. "Karatasi mubaya," kasema. "Mwaka moja tu, itakuwa ya njano."

Alhamisi, 9 Januari

Mvua. Analala vibaya, kwa hiyo na mimi nalala vibaya. Ananiita kuuliza saa. Nampa saa. Ananiita kuuliza siku.

Jumamosi, 18 Januari

Siku ya majaribio. Priscille amekuja kutoka Ixelles kukaa naye, mimi nikatoka tangu asubuhi mpaka saa kumi. Priscille ni shoga yangu, Mkongo wa Bukavu, amelea wazee wa nchi hii miaka kumi na tano na hajashindwa na hata mmoja. Kumsikia akija ngazini kulikuwa burudani. "Eh Mungu wangu! Cinq étages, ghorofa tano! Maman Mwanvua, batu ya hii nyumba wanaishi na ndege?"

Nimetembea. Nimekula samaki peke yangu, mezani, kama mke wa waziri. Nimemnunulia Latifa viatu vya dhahabu. Niliporudi, Papa Jozef alikuwa mezani kwake, ametulia, amenyooka, glavu mikononi. Chakula hakugusa. Priscille kaniambia, "Huyu muzee anakataa hata maji. Lakini hanishindi. Mi nilisinzia kidogo mbele ya télé, alikuwa sage, hata sauti hakutoa." Kisha akanikonyeza. "Weye uende uoze mutoto. Ashinde njaa, atakula tu."

Jana tulifika namba 1385. Leo hatukuandika.

Jumatatu, 20 Januari

Pasipoti haipo.

Nilifungua kopo nitoe picha. Tiketi ipo, picha zipo, pasipoti haipo. Nimetoa droo zote, nimelala chini ya kabati, nimekung'uta kila nguo. Nimechambua takataka kwa mikono. Papa Jozef alikuwa dirishani, amenipa mgongo. "Unatafuta nini?" Nikamwambia. Akasema, "Itaonekana." Akaomba blanketi.

Jumanne, 21 Januari

Nimepiga simu ubalozini. Mpya inatengenezwa nyumbani, ni wiki nyingi. Siku zangu ni ishirini na moja.

Alhamisi, 23 Januari

Nimefanya jambo baya, naliandika ili nisijidanganye baadaye.

Nimehesabu. Tangu tarehe tatu, nani ameingia humu? Daktari, haketi. Lutgarde, hapana. Priscille, kutwa nzima. Na nilikumbuka kwamba mpwa wake anatafuta karatasi za kuishi hapa. Nikashuka ngazini mzee asisikie, nikampigia. Nilijifanya nauliza. Ulimi hauna mfupa.

Akapandisha sauti: "Mie? Weye unaniita mie mwizi? Passeport yako nikamate, niifanye nini, na ya kwangu ya Belgique iko ku sac? Uso yangu na yako inafanana?" Nikasema sikusema mwizi. "Ulisema. Kwa kinywa ya upole, lakini ulisema. Nilikuja bure, Mwanvua. Nilipanda ile ngazi yako bure."

Akakata. Nimekaa kwenye ngazi ya hamsini na kitu, sijui. Mtu wa ghorofa ya tatu akapita, akaniomba radhi kwa kunikanyaga.

Jumapili, 26 Januari

Asanseri bado. Basilika haionekani.

Jumatano, 29 Januari

Lutgarde kapanda tena na goti lake, hakuitwa. Alinisaidia kutafuta saa tatu nzima, amepiga magoti na lile goti. Kisha tukaenda pamoja kuandikisha upotevu polisi, jirani akakaa na mzee. Yule niliyemdhani barafu amenishika mkono kwenye tramu. Yule niliyemwita dada hanipokelei simu. Haya, dunia.

Jumatatu, 3 Februari

Nimemwambia Latifa. Hakulia, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sawa mama. Shangazi atanifunika." Nikasema bado wiki moja, Mungu mkubwa. "Sawa mama." Ile sawa ya kumaliza maneno.

Nakaa humu kama kuku ndani ya tenga. Nikitazama mlango, ngazi. Nikitazama dirisha, ukungu. Nikitazama ndani, mzee ananitazama mimi. Tangu juzi amekuwa mpole mno: ananiambia keti, ananiambia kula, jana alitaka kunimenyea chungwa kwa mikono ile inayotetemeka. Na mimi mjinga nikatokwa na machozi. Nikasema, angalau huyu ananionea huruma.

Jumapili, 9 Februari

Niandike taratibu, nisiruke kitu.

Leo baada ya chakula kasema, "Maman, turudie kazi. Itakutuliza." Nikasema haya, kwani nina nini tena? Nikafungua daftari mbele. Akachukua kwenye bahasha lebo ya sanduku, nyekundu, ya meli ya Southampton kwenda visiwa vya kule Amerika. "Andika: 1387."

Nikasema, "Papa, tuliishia 1385. Hii ni 1386."

"1387."

"Tazama. Elfu moja mia tatu themanini na tano, lebo ya bluu, mwandiko wangu, tarehe kumi na saba."

"Andika 1387," kasema, na sauti yake ikawa ndogo.

Huyu ndiye aliyenifutisha kurasa mbili kwa namba moja. Nikaweka penseli chini. Nikamtazama. Hakunitazama. Macho yake yalikwenda rafu ya chini, sekunde tu, yakarudi.

Nikainuka. Nikapiga magoti mbele ya rafu, nikachomoa albamu nyeusi. Tuliimaliza Desemba, nilikuwa sina haja nayo, hata siku ya kutafuta niliipita kwa sababu karatasi zake zote nazijua. Boston. Rio. Yule wa *moeder*. Nikafika mwisho, baada ya tiketi ya arobaini na moja. Pasipoti yangu. Imevishwa plastiki safi, imekaa kwenye pembe nne za karatasi, bila gundi, kama anavyofanya kwa vitu anavyovipenda. Chini, kwa penseli, tarakimu zimechorwa kwa taabu, zinayumba: 1386.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikimwosha mimi huyu! Nilikuwa nikimlisha!

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia mzee kelele tangu nizaliwe, mama yangu angenipiga kofi. Nikamwambia nimemwita mwenzangu mwizi kwa ajili yako. Nimemvunja moyo mwanangu kwa ajili yako. Wiki tatu nachakura takataka, na wewe umekaa na blanketi unaniambia itaonekana! Wewe si mgonjwa, papa, wewe ni mfungwa anayetaka mwenzake wa chumba!

Alikuwa amekuwa mdogo kwenye kile kiti. Machozi yanashuka, hafuti.

"Kwa nini uliipa namba?" nikamwuliza. Maana hilo sikulielewa. Mwizi gani anakipa namba kitu alichoiba? Angeichoma, angeitupa dirishani, nisingejua mpaka kufa.

Akanishangaa kama nimemwuliza kwa nini anavaa suruali. "Kitu ikiingia, inapata numéro."

Nikaketi sakafuni, kicheko kikanitoka, kicheko kibaya. Kisha nikalia.

Papa Jozef akasema, "Els aliandika, anarudi dimanche."

"Els alikufa, papa. Hakukukimbia. Alikufa."

"Ni kitu moja," kasema, "kwa mutu alibaki."

Nilikuwa na hasira naye na namwonea huruma, vyote viwili, na hakuna kilichopunguza kingine.

Jumapili, baadaye kidogo

Nimempigia Priscille mara sita. Ya saba kapokea, nikamwambia yote bila kujitetea.

"Donc, ni muzee."

"Ni mzee. Na mimi. Mzee aliichukua pasipoti, lakini jina lako nililichafua mimi."

"Njo hivyo," akasema, ndiyo hivyo kwa Kiswahili cha Bukavu. "Unaondoka siku gani?"

"Keshokutwa."

"Kesho nakuja. Nitapanda hiyo escalier yako, na kila ngazi moja utaniambia pole. Kwa sauti. Ukiruka moja, naanza tena chini."

Jumatatu, 10 Februari

Pole tisini na nne. Ngazi ya sabini na moja nilimeza neno, akageuka kweli kushuka, nikamshika kanga. Mtu wa ghorofa ya tatu alifungua mlango, akafunga. Tulipofika juu tulikuwa hatuwezi kusimama kwa kicheko, halafu akanikumbatia, akaninong'oneza, "Usirudie tena." Sirudii.

Akaingia, akamsalimia mzee, "Jambo papa, mie njo ule mwizi," akaenda zake jikoni kupika.

Ningeweza kuichomoa pasipoti mwenyewe jana. Sikuichomoa. Nilitaka aitoe yeye. Nikaweka albamu mezani mbele yake, nikamvalisha glavu, nikampa kibano, nikafungua daftari. Mikono yake ilichukua muda. Pembe ya kwanza, ya pili. Ya tatu ilimshinda, nikangoja, sikumsaidia. Akaitoa. Akaiweka kiganjani mwangu bila kunitazama.

"Andika," akasema, kama desturi. "1386. Passeport, Burundi, moja. Imetolewa."

Nikaandika. "Sababu?"

Jikoni kitunguu kinakaangwa.

"Niandike iliibiwa?" nikamwuliza. Nilitaka imchome.

Akafumba macho. "Andika ile unaona ni ya kweli."

Penseli ikasimama. Neno lile la wizi ningeliandika, lingebaki pale, na Lutgarde angelisoma siku ya kugawa. Nikasema, "Nitaandika amepanda."

Akafumbua macho, na kwa mara ya kwanza tangu jana alikuwa yule karani wa posta. "Non. Bado haujapanda. Hatuandikake kitu kabla haijafanyika."

"Basi?"

"Acha nafasi wazi." Akafunga daftari yeye mwenyewe, akalisukuma kwangu juu ya meza, polepole, kwa viganja vyote viwili. "Peleka. Utajaza kule."

Daftari hili haliruhusiwi hata kufika jikoni. Ndani yake kuna kazi yetu ya msimu mzima, na hakuna nakala. Nikamwambia papa, likipotea? Akasema, "Njo vile. Sasa weye uko na ya kwangu."

Jumanne, 11 Februari

Nimeshuka ngazi tisini na nne na sanduku, kila ngazi linanigonga kisigino. Papa Jozef hakulia. Alikuwa mlangoni na kiti chake, koti limefungwa juu ya pajama, Priscille nyuma yake kamshika bega. Hakuuliza nitarudi lini na mimi sikusema. Ahadi ya mdomo haina kazi kwake, na tiketi yangu ya kurudi anaijua tarehe.

Chini fundi alikuwa ameketi sakafuni, asanseri wazi, nyaya nje kama matumbo. "Kesho, madame," kaniambia. Nilibandua zile karatasi tatu mlangoni, nikampa kijana wa ghorofa ya tatu azipandishe. Zitapata namba, najua.

Basilika ilionekana leo. Yote, mpaka msalaba. Niliitazama kwenye kioo cha nyuma cha basi mpaka tukakata kona.

Nimemtumia Latifa picha ya pasipoti imeshikwa na kidole changu, nikidhani hataamini. Amejibu kwa sauti, anapiga vigelegele mpaka simu imekwaruza, na nyuma yake mama yangu anauliza nini, nini, kuna nini.

Kwenye mlango wa ndege, binti anayekagua tiketi hakuninyang'anya yangu. Aliipitisha kwenye mashine, ikalia, akanirudishia. Nilisimama nayo pale mpaka wa nyuma yangu akakohoa. Nitampelekea Papa Jozef. Albamu ya wasiopanda haitaitaka, itabidi aanzishe nyingine.

Niko kiti cha dirishani. Mlango umefungwa. Tumeanza kusogea. Nimegeuza daftari upande wake, nimetafuta ukurasa, nimejaza kwa penseli:

1386. Passeport, Burundi, moja. Imetolewa. Sababu: amepanda.